Injini Nyekundu ya Errol Pascoe

Errol Pascoe alikuwa na maoni kuhusu kila kitu chenye magurudumu, na hakungoja kuulizwa. Gari la kupanda milima ambalo halijawahi kuguswa na matope aliliita kabati la nguo. Magari ya umeme hakuyachukia. Alikwisha kulipima moja, akakuta linafanya kile kilichoandikwa kwenye karatasi zake, jambo ambalo, alisema, haliwezi kusemwa juu ya binadamu wengi. Lakini maoni yaliyomjulisha kwa watu kutoka mji wake wa Murrandoo mpaka ule wa Cooma yalikuwa yale ya kubadilisha injini.

"Gari lenye injini ya gari jingine," alikuwa akisema, "ni barua iliyotiwa kwenye bahasha ya mtu mwingine. Inaweza kufika. Lakini imefika kwa nani?"

Alikuwa amepima ardhi ya serikali kwa miaka thelathini na minane, na alipostaafu Chama cha Magari ya Zamani cha Murrandoo kilimpa kazi iliyomfaa: ukaguzi wa vibali, vile vinavyoliruhusu gari la zamani kutembea barabarani kwa ada nafuu. Kila mwaka wanachama walimletea magari yao, naye akajilaza chini na tochi na kioo kidogo, akasoma namba ya injini. Kama injini haikuwa ya aina iliyotoka na gari kiwandani, kibali hakuna. Hakupandisha sauti wala hakubadilisha neno.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Ford. Katika nyanda zile za juu za Monaro, mtoto huwa wa magari ya Ford au ya wapinzani wao Holden kabla hajabatizwa, na Errol alikuwa na Ford aina ya Falcon ya mwaka 1965 ambayo baba yake aliinunua mpya. Kwamba Holden walikuwa na gari waliloliita kwa jina la nyanda hizohizo alizozaliwa, hilo alilihesabu kama mwiba wa kudumu kwenye soksi.

Mtu wa Holden aliyemsumbua kuliko wote alikuwa Nev Stodart, mfugaji wa kondoo, mnene, mcheshi, asiyejua kuona haya. Miaka miwili nyuma Nev alimletea pikapu yake kuukuu ikaguliwe.

"Hii ni V8, Nev, silinda nane," Errol alisema kutoka chini ya gari.

"Nashukuru umeiona, bwana. Nilidhani imejificha."

"Breki ni zile za silinda sita."

"Mimi si mtu wa kusimama-simama."

Errol alimpeleka barabarani, akapima umbali wa kufunga breki. "Umepitiliza kwa mita kumi na moja," alimwambia. "Mita kumi na moja ni kondoo wanane wakipanga foleni."

"Kondoo wangu hawapangi foleni, Errol. Si watu wa serikali."

Hata hivyo Nev aliing'oa V8 na kuanza kutafuta injini halali ya silinda sita. Pikapu ikakaa bandani bila moyo, kuku wakiitagia mayai nyuma. Wakati huohuo Tamsin, binti wa pekee wa Errol, daktari wa mifugo, aliitwa kwa Nev kuwatazama kondoo dume wenye kwato mbovu. Aliitwa tena, na tena, mpaka watu wakagundua kwamba kwato zimekwisha kupona na aliyekuwa akimpigia simu ni Heath, mtoto wa Nev. Basi ikawa harusi: tarehe 3 Oktoba 2009, kwenye shamba la akina Stodart, mbele ya banda la kunyolea kondoo.

Tamsin alitaka jambo moja tu kwa baba yake. Alikuwa amejifunza kuendesha Falcon ile akiwa na miaka kumi na minne, juu ya mto wa kitanda, katikati ya konde. "Wale wote ni Holden, Baba, hadi shangazi zao," alisema. "Mimi nitaingia pale na Falcon, watake wasitake. Nitaingia kama Pascoe."

Errol alijibu kwamba gari litakuwa tayari. Alipompa mtu neno, alilihesabu kama kigingi cha mpaka: hakihami.

*

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na la aina ambayo mtu asiyependa vitu vya zamani asingeweza kulifanya. Errol hakutia dawa ya kuzuia barafu kwenye rejeta kwa sababu baba yake hakutia. Alitia maji matupu ya mvua, na kila jioni ya baridi kali alifungua koki mbili chini ya injini akayamwaga. Kwa miaka ishirini na miwili hakusahau hata siku moja. Jioni ya tarehe 14 Septemba alitazama kipimajoto cha ukutani; kikasema nyuzi tisa, akaridhika, akaenda kulala.

Mwezi wa Agosti, alipopaka ukuta rangi, alikuwa amekihamisha kipimajoto kile akakitundika mahali panaposomeka vizuri zaidi. Mahali hapo palikuwa futi mbili kutoka kwenye bomba la moshi la jiko la kuni.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kama chumvi. Bloku ya injini ilikuwa na ufa ubavuni, sentimita kumi na tisa. Aliupima kabla hajatukana.

Zilibaki siku kumi na nane. Fundi mmoja wa Queanbeyan alisema ufa unashoneka, kwa muda wa wiki nane. Injini kama ile ilikuwepo Perth, upande wa pili wa bara, na lori lingeileta kwa siku ishirini na tano kama dereva hataugua. Nyingine ilikuwa Goulburn, imelala nje tangu mwaka 1988. Errol aliendesha hadi kule, akajaribu kuizungusha kwa spana ndefu, ikapinda spana.

"Ivutwe na trekta," mkewe Glenys alisema.

"Binti yangu si marobota ya nyasi."

Tamsin alipoambiwa hakulalamika. "Usijali, Baba. Nitakuja na gari la kliniki. Linanuka ng'ombe, lakini linawaka." Alisema hivyo kwa sauti ileile ya upole aliyotumia kuwaeleza watu kwamba mbwa wao hatapona, na Errol, ambaye aliijua sauti ile, hakula chakula cha mchana.

Siku ya pili yake Nev Stodart alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nasikia umepata baridi, mkwe."

"Bado sijawa mkwe wako. Kuna siku kumi na saba."

"Sikiliza. Ninayo injini, 186 ya silinda sita, imetoka kwa fundi juzi. Mpya kabisa ndani. Haijawahi kuvuta hata toroli."

"Hiyo ni Holden."

"Nilijua tangu nilipoinunua."

"Nayo ni ya pikapu yako. Ungeileta kwenye maonyesho ya Novemba."

"Pikapu imengoja miaka miwili kwa ajili ya mita zako kumi na moja," Nev alisema. "Imezoea. Na kuku nao wamezoea."

Errol hakusema asante wala hakukataa. Alichukua utepe wa kupimia akaenda naye. Saa mbili baadaye alirudi jikoni na ukurasa uliojaa namba, na uso wa mtu aliyesomewa majibu ya hospitali.

"Inaingia?" Glenys aliuliza.

"Inaingia. Inabaki nafasi ya milimita thelathini na moja mbele. Tofauti ya uzito ni kilo sita. Breki zinatosha."

"Sasa mbona umenuna?"

"Nilitumaini haitaingia."

Glenys alicheka mpaka akashika meza. Errol akaeleza, kwa utaratibu, kwamba hoja zake dhidi ya kubadilisha injini zilikuwa tatu siku zote: uzito, breki na ukweli wa gari. Mbili za kwanza zilikuwa zimeanguka. Iliyobaki ilikuwa ile ya bahasha.

"Mtoto anangoja gari," Glenys alisema, "hangoji bahasha."

*

Walifanya kazi siku tisa katika banda la Nev. Sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, iligonga chuma cha chini; wakaikata wakaichomelea upya. Vishikio vya injini walivitengeneza wenyewe. Bamba la kuunganisha injini ya Holden na giaboksi ya Ford Errol alilichora kwenye karatasi ya ramani, kila tundu kwa sehemu ya kumi ya milimita.

"Unachora mpaka wa nchi?" Nev aliuliza.

"Mipaka ya nchi huwa na makosa zaidi ya haya. Nimechora kadhaa."

Injini ilipokaa mahali pake, nyekundu kama nyanya, Nev alijikuna shingo. Wote wawili walijua desturi ya watu wao. Gari la zamani likisimama popote, iwe sokoni, iwe mazishini, boneti hufunguliwa kabla dereva hajavua kofia, na watu huja kuinama. Boneti iliyofungwa ni kama nyumba yenye moshi jikoni na mlango uliokomewa: kila mpita njia atataka kujua kunapikwa nini.

"Tuipake nyeusi kama ile ya zamani," Nev alisema. "Nusu saa tu."

"Rangi haibadilishi namba."

"Nani atasoma namba harusini, wewe mzee?"

"Mimi ningesoma."

Nev alimtazama, akaona kuwa hatanii. "Basi boneti itabaki imefungwa."

"Boneti itabaki imefungwa. Sitamdanganya mtu. Lakini swali lisiloulizwa halina jibu."

Usiku wa mashaka hakuwa nao, kwa sababu alilala vizuri siku zote. Lakini tarehe 28 aliandika barua kwa kamati ya chama. *Gari la mwanachama E. Pascoe halina tena injini ya aina yake. Napendekeza kibali kifutwe. Mkaguzi: E. Pascoe.* Akakata kibali cha barabara cha siku moja, cha kawaida, kama mtu yeyote. Barua ingefunguliwa Jumatatu. Harusi ilikuwa Jumamosi.

*

Siku ya harusi ilikuwa ya jua na upepo mdogo. Glenys alitangulia. Errol alimfungulia binti yake mlango wa mbele, akaingiza gauni lake lote ndani kwa mikono miwili, kama anayekunja hema, kisha akawasha gari.

Walikuwa wamekwenda kilomita mbili.

"Baba."

"Mm."

"Hii siyo ile."

Errol aliangalia barabara. "Siyo."

"Inanguruma tofauti. Ile ilikuwa kama inasafisha koo." Tamsin aliegemeza sikio mbele. "Ni ya nani?"

"Ni Holden 186. Ya baba mkwe wako."

Tamsin akacheka kicheko ambacho kilimlazimu kutafuta kitambaa ili rangi ya macho isiteremke. "Kwa hiyo naenda kwa akina Stodart nikiwa nimebebwa na Stodart!"

"Mwili, viti, breki na giaboksi ni Pascoe. Kwa uzito ni zaidi ya asilimia themanini."

"Ulihesabu?"

"Bila shaka."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Baba."

Errol alibadilisha mkono kwenye usukani. "Uliomba gari hili," alisema. "Sikuwa na hakika kama hili bado ni hili. Nilitaka kupata hakika kwanza."

Tamsin alijisogeza, akaminya kiti chini ya gauni. "Springi bado inanichoma palepale. Upande wa kushoto. Ndilo lenyewe, Baba. Endesha."

Errol hakuwa mtu wa kukubali ushahidi wa aina hiyo, lakini alikumbuka kwamba springi ile ilianza kuchoma mwaka 1979, na hakuna gari jingine duniani lenye springi ile. Aliona ni hoja nzuri kuliko ya bahasha. Akaendesha.

Mbele yao ulikuwa mwinuko wa Brindle, mita mia saba za kupanda. Kwa miaka yote Falcon ilipofika kwenye nguzo nyeupe ya tatu iliomba gia ya pili, na Errol aliipa. Alipoifikia nguzo ya tatu alishika wenzo wa gia, na mkono ukabaki pale, hauna kazi.

"Mbona hubadilishi?"

"Haijaomba."

Walifika juu kwa gia ya tatu. Errol alitazama saa yake, akaitazama tena, akashusha kioo cha dirisha kidogo ingawa hapakuwa na joto.

*

Getini kwa Stodart alikaa Rowley Quick juu ya kiti cha kukunja, blanketi magotini. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, alitengeneza magari ya wilaya nzima kwa nusu karne, na sasa macho yalikuwa yamejaa ukungu lakini masikio yalikuwa mazima, na mdomo ndio kabisa. Gari lilipopinda kuingia, Errol alimwona ameinua kidole.

"Nani huyo anakuja na Holden?" Rowley aliuliza kwa sauti ya kuamsha wafu.

"Ni Errol na bibi harusi," mtu alimjibu. "Ni Falcon, mzee."

"Falcon! Hiyo ni 186. Naijua kama kikohozi cha mke wangu."

Watu waligeuka. Wengi walikuwa wanachama wa chama, na mbele ya banda yalipangwa magari yao kumi na matano, boneti zote zimeinuliwa kama vinywa vya makinda. Errol alisimamisha Falcon, akashuka, akamtoa binti yake na gauni lake. Boneti aliiacha kama ilivyo. Heath alikuwa amesimama mwisho wa zulia, shati limemkaba, akitabasamu kwa Tamsin tu. Lakini wengine wote walikuwa wanaitazama boneti.

"Fungua, Errol," Rowley alisema.

"Kuna harusi hapa, Rowley," Glenys alimkemea.

"Harusi haina haraka, mama. Hawa wamekaa pamoja mwaka mzima. Fungua, Errol."

Nev alifungua mdomo ili aseme jambo la kuokoa, labda uongo. Errol alimwinulia kiganja. Swali lilikuwa limeulizwa. Alimtazama binti yake.

"Fungua, Baba," Tamsin alisema. "La sivyo hawa hawatasikiliza kiapo hata kimoja."

Errol alivuta komeo la boneti, akaiinua, akaitegemeza. Jua lilipiga juu ya ile nyekundu. Kondoo mmoja alikohoa.

"Injini ni Holden 186," Errol alisema, kwa sauti ya kusoma ripoti. "Siyo aina iliyotoka na gari. Ile yangu ilipasuka kwa barafu. Kosa langu: nilitundika kipimajoto karibu na bomba la moshi. Hii ni ya Nev, ambaye aliinunua kwa ajili ya pikapu ambayo mimi niliizuia. Kibali changu nimeomba kifutwe kwa barua ya tarehe 28. Kuna swali?"

"Lipo," Rowley alisema. "Inapandaje Brindle?"

Watu wa Ford walimwangalia Errol kwa kumwomba. Glenys, aliyemfahamu mumewe kwa miaka arobaini, alifumba macho. Errol angeweza kusema kwamba hakuangalia.

"Gia ya tatu mpaka juu," alisema. "Sekunde arobaini na moja. Ile ya zamani ilichukua arobaini na nane."

Kelele zilizofuata ziliwakimbiza kondoo hadi ukingo wa konde. Watu wa Holden walirusha kofia, shangazi mmoja wa Stodart alimbusu Rowley shavuni kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Mtu wa Ford mwenye masharubu alikaa chini kwenye nyasi na suti yake.

Nev alipanda juu ya ndoo. "Ndugu zangu! Hapana ugomvi! Tumebadilishana kiungwana: wao wametupa binti, sisi tumewapa injini!"

"Tumepunjwa!" mtu mmoja wa Holden akapiga kelele.

"Nani kapunjwa?" Tamsin aliuliza, akishika kiuno, shela imekaa upande.

"Sisi sote, daktari, sisi sote!" mtu yule alijibu upesi, na kicheko kikaanza upya. Katika kicheko hicho Errol alimpa binti yake mkono, wakatembea juu ya zulia hadi kwa Heath, na viapo vikasikilizwa vyote. Baadaye, watu walipokula soseji na vitunguu na keki ya ghorofa tatu, Falcon ilizungukwa na vichwa vilivyoinama. Bamba la kuunganishia, lile lililochorwa kama mpaka wa nchi, lilisifiwa hata na yule mwenye masharubu.

*

Jumatatu kamati ilikubali pendekezo la mkaguzi, ikafuta kibali cha mkaguzi, ikamwomba aendelee na ukaguzi. Hakuna aliyepinga. Errol aliandikisha gari upya kwa bei ya kawaida na namba ya kawaida, akakihamishia kipimajoto upande wa kusini wa banda, mbali na moto wowote, na katika rejeta akatia dawa ya kuzuia barafu, akipima kwa kikombe.

Hakuwa mtu wa kukaa na kitu cha mwenzake. Kabla ya Oktoba kwisha alikwisha kuipata 186 nyingine Bombala, akaifungua, akaijenga upya sehemu kwa sehemu, akaipeleka kwa Nev imefungwa kwa kamba. Katikati ya Novemba pikapu ilipita ukaguzi, ikasimama mahali ilipotakiwa kusimama na sentimita arobaini za akiba. Kuku walihamia kwenye kisanduku.

Bloku ya zamani ya Falcon nayo ilirudi kutoka Queanbeyan, ufa umeshonwa vizuri kiasi kwamba hata kidole hakikuuona. Ilikaa juu ya stendi bandani kwa Errol, imefunikwa blanketi. Nev alikuja kuitazama siku moja ya Desemba.

"Kazi safi. Sasa, mkwe, lini tunairudisha mahali pake?"

Errol alikuwa amejilaza chini ya Falcon na tochi. Pembeni yake palikuwa na daftari jipya, kurasa tisa zimejaa: mafuta kwa kilomita mia, joto la rejeta, Brindle kwa kila hali ya hewa.

"Tutairudisha," alisema. "Lakini nataka kulinganisha kwa haki. Lazima nipate vipimo vya majira yote manne."

"Na sasa una mangapi?"

Tochi ilizima, ikawaka tena.

"Moja na nusu," Errol alisema. "Nipe ile spana ya kumi na nne."